Hata Nikikuita Mimi

Mume wangu haitiki akiitwa. Hilo nililijua tangu wiki za kwanza za ndoa yetu, mwaka 2017, tulipopanga nyumba ya vyumba viwili Carrollton, kaskazini mwa Dallas. Ukiwa jikoni ukamwita naye yuko chumbani, hutasikia "naam" wala "nakuja". Utaendelea kukoroga sufuria ukidhani hakusikia, kisha utahisi vidole vimekushika mkono, juu kidogo ya kiwiko. Atakuwa amesimama hapo, kimya, anasubiri umwambie ulichomwitia.

Mimi nilikulia Nyandarua, kwa mama ambaye akikuita ukiwa mwisho wa shamba alitaka kusikia sauti yako kabla hajamaliza kulitamka jina. Kwetu kutoitika kulikuwa kiburi. Kwa hiyo mwanzoni nilikasirika.

"Ni nini inakuzuia kusema tu 'naam'?" nilimwuliza siku moja.

"Si nimekuja?" akasema.

Na kweli alikuwa amekuja. Hakuna siku aliyoitwa asije. Baada ya muda niliizoea tabia hiyo, jinsi mtu anavyozoea mlango unaohitaji kusukumwa kwa bega.

Yeye ni Mrundi. Alilelewa na mama yake mdogo kambini, upande wa Kigoma, na wakaletwa Houston pamoja akiwa kijana. Tulikutana huko Houston kwenye Misa ya Kiswahili, wakati mimi bado nasomea uuguzi. Kiswahili changu ni cha Kenya na chake ni cha kambini, na tulikuwa tukitaniana kwa hilo. Alisema nikiongea naonekana kama ninagombana na mtu. Kuhusu mama yake mzazi alikuwa ameniambia sentensi moja tu, kwamba alifariki njiani wakati wa vita. Sikumchimba. Wodini nimeona watu wengi wanaosema sentensi moja na kunyamaza, na nimejifunza kuwaachia ukimya wao.

Safari ya jangwani ilikuwa wazo langu. Kazini ninaitwa kutwa nzima. Kuna kengele za wagonjwa, kuna simu ya mezani, kuna madaktari, kuna ndugu wa wagonjwa wanaosimama mlangoni na kusema "nesi" kabla hujaketi. Nilikuwa natafuta mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kuniita. Mwenzangu wa shifti akanionyesha picha alizopiga magharibi ya mbali ya Texas, karibu na mpaka wa Mexico: korongo jembamba sana ndani ya mlima wa mawe, kuta zimepanda juu mpaka anga imebaki kama utepe.

Nilipomwonyesha mume wangu, nilidhani angesema ni mbali. Alizitazama zile picha muda mrefu. Alikuza moja kwa vidole mpaka ukabaki mwamba mtupu kwenye kioo cha simu.

"Hapa," akauliza, "mtu akisimama, mikono yake inagusa pande zote mbili?"

"Mahali pengine, ndiyo. Ndivyo alivyoniambia."

"Twende," akasema.

Tulikwenda Machi ya 2019. Tuliondoka asubuhi, tukaipita Fort Worth kabla magari hayajajaa, kisha Abilene, kisha nchi ya visima vya mafuta ambako mioto ya gesi huwaka mchana kweupe. Tulilala moteli ya kando ya barabara. Kesho yake tukashuka kusini mpaka njia inayofuata mto wa mpakani, na huko simu zetu zikapoteza mtandao. Nakumbuka nilifurahi. Niliitupa yangu kwenye kiti cha nyuma na kumwambia, "Sasa wacha waniite."

Mlango wa korongo lile hauonekani mpaka uufikie. Kutoka barabarani unaona mlima mmoja tu wa rangi ya majivu. Ukifuata kijito kikavu, unakuta mlima umepasuka kutoka juu mpaka chini, na ufa wenyewe hauna upana wa sebule yetu. Maji ndiyo yaliyoukata, mafuriko yanayokuja mara moja na kuondoka. Siku ile hapakuwa na wingu. Chini palikuwa na changarawe kavu, na kuta zilikuwa zimelainika kama kipande cha sabuni kilichotumika.

Tulipoingia, joto lilibaki nje. Tuliingia kwenye ubaridi kama wa ghala la mawe, na hatua zetu zikaanza kusikika nyuma yetu na mbele yetu kwa pamoja. Kulikuwa na ndege aliyeimba mahali fulani juu, asiyeonekana, wimbo unaoanza juu na kuteremka noti kwa noti kana kwamba unaanguka ngazini. Hatukukutana na mtu. Korongo lilipinda, likapinda tena, na kila kona lilizidi kubana. Mume wangu alitembea akiwa amenyoosha mikono, akizigusa kuta zote mbili kwa ncha za vidole. Mwanzoni alikuwa anaongea, ananiuliza kama nimechoka, kama nataka maji. Kisha akaacha kuongea.

Tukafika mahali ambapo maji ya zamani yalichimba kidato kwenye mwamba, kimo cha kifua cha mtu. Ilibidi kuteleza kwa makalio. Nikamwambia asubiri pale na mkoba, nishuke nione kama mbele kunapitika. Nikashuka, nikapinda kona mbili. Nikakuta dimbwi la maji yaliyosimama, meusi, limeziba njia yote. Palikuwa pazuri kwa namna ya kutisha, na nikataka alione.

Nikamwita. Na badala ya jina ninalomwita siku zote, lile la ubatizo, nikamwita kwa jina la nyumbani, lile la Kirundi ambalo mama yake mdogo alikuwa akimwitia. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ni fupi na lina vokali inayovutika, jina la kuitia mtu aliye mbali.

Sauti yangu ikaenda, ikarudi. Ilirudi imechelewa na imeshuka, kama sauti ya mwanamke mwingine, mzee kunishinda. Sikuipenda. Nikasubiri vidole kwenye mkono wangu.

Havikuja. Nikaita tena. Nikasikia mawe yakiita baada yangu, kisha kimya. Hata yule ndege alikuwa amenyamaza. Nikarudi mbio hadi kwenye kidato. Mkoba wetu ulikuwa juu ya mwamba, umewekwa vizuri, mikanda imekunjwa. Yeye hakuwepo.

Korongo lile lina njia moja. Kama hakuja mbele, alikuwa amerudi nyuma. Nilikwea, nikachubuka goti, nikatembea haraka kuelekea mlangoni nikimwita kwa jina lile lile kwa sababu hofu ilikuwa imenisahaulisha jingine. Kila nilipoita, yule mwanamke mwingine aliita pia. Nilianza kuwaza vitu vya kazini: mshtuko wa moyo, kichwa kilichogonga jiwe. Kisha nikawaza vitu visivyo vya kazini. Niliwaza kwamba sauti ile ilikuwa imemfikia kabla yangu.

Nilikuwa nimempita. Hilo nililijua kwa ngozi kabla sijajua kwa macho. Niligeuka polepole. Kwenye ukuta wa kushoto palikuwa na mkunjo wa mwamba, kama pindo la pazia, na nyuma yake upenyo ambao sikudhani ungemtosha mtu mzima. Alikuwa humo. Alikuwa amechuchumaa, magoti yamefika kidevuni, kiganja kimeziba mdomo wake mwenyewe. Macho yalikuwa wazi yananitazama, na hayakuwa na uhakika kwamba ni mimi.

Nimewahi kuona macho kama hayo kwa wagonjwa wanaozinduka baada ya upasuaji. Kwa hiyo sikumvuta na sikumwambia toka. Niliketi kwenye changarawe mbele yake na sikumwita tena. Tulikaa hivyo mpaka mwanga ulioangukia ukuta wa juu ukahama. Kisha nikanyoosha mkono, bila kufikiri sana, nikamshika wake.

Akatoa pumzi ndefu, akatoka.

Alipokunywa maji, akanisimulia. Alisimulia akitazama ukuta wa mbele yake, kwa sauti ya chini sana ili isirudi.

"Tulikuwa tunatembea kuelekea mpaka wa Tanzania, watu wengi," alisema. "Mimi nilikuwa mdogo, sijaanza hata shule. Tukasikia wale watu wako mbele yetu. Mama akanishusha kwenye korongo la mvua, jembamba kama hili, lakini la udongo, juu limefunikwa na nyasi. Akaniambia nisitoke na nisiitike. Akasema, 'Usimwitikie mtu yeyote. Hata nikikuita mimi, usiitike. Wanaweza kunilazimisha nikuite. Nikiwa niko huru nitashuka mwenyewe nikushike mkono.' Akaniuliza kama nimeelewa, nikasema nimeelewa."

Aliokota jiwe dogo, akaligeuza kiganjani.

"Akaniita," akasema. "Jua likiwa juu kabisa. Aliniita mara nyingi. Hakuwa analia. Ilikuwa sauti ile ya kuniita nije nile. Nilijua ni yeye. Nilijiziba mdomo kwa sababu ulikuwa unataka kujibu wenyewe. Mwishowe akaacha kuita."

"Nani alikutoa?"

"Mama mdogo, siku ya pili. Alishuka akanishika mkono. Nikadhani ni mama."

Kwa miaka yote hiyo, alisema, hakujua kama mama yake aliita kwa kulazimishwa, au aliita kwa sababu njia ilikuwa salama, mguu umeumia, hawezi kushuka, na mtoto wake yuko pale hatua chache anakataa kuja. Hakuwahi kumwuliza mama mdogo. Aliogopa kwamba anajua.

"Na leo?" nikamwuliza.

"Uliponiita mara ya kwanza nilijua ni wewe. Nikainuka, nikaanza kuja. Halafu mawe yakaniita. Yule hakuwa wewe."

Tulirudi garini jua likiwa bado kali. Hatukulifikia tena lile dimbwi. Njia nzima ya kurudi alilala, au alifumba macho, nami nikaendesha nikipita miji ile ile midogo. Nilipoirudisha simu mkononi mtandao uliporudi, na ujumbe ukaanza kumiminika, niliizima.

Baada ya pale kitu fulani kiliingia nyumbani kwetu. Sijui niseme ni nini. Niliacha kumwita kwa sauti. Nilimfuata alipo, nikamgusa. Mchana tulikuwa watu wawili wanaotembea ndani ya nyumba wakitafutana kwa mikono. Na kazini, wodi ikiwa imetulia, mtu akisema "nesi" kutoka mwisho wa ukumbi, nilijikuta nasubiri kidogo kabla ya kujibu, kusikiliza kama sauti ile ingekuja mara ya pili, imechelewa na imeshuka. Mwenzangu mmoja aliniuliza kama masikio yananisumbua. Nikamwambia ni uchovu.

Kiangazi hicho yeye mwenyewe ndiye aliyesema twende Houston. "Nataka kumwuliza," akasema. Hakusema nani wala nini.

Mama mdogo alikuwa anaishi Alief, ghorofa ya chini, na kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya hoteli moja kubwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kicheko cha karibu, aliyefurahi kila nilipomwamkia shikamoo kwa sababu alijua kwetu bara hatuna mazoea nayo. Tulitoka naye kanisani Jumapili, na tulipofika kwake akavua viatu, akapaka mikono mafuta ya kula ili utomvu usigande, akaanza kumenya ndizi mbichi. Mume wangu akakaa kwenye kiti karibu naye. Mimi nilikuwa nakata vitunguu.

"Mama mdogo," akasema, "siku ile, mama aliponiita. Ulikuwepo?"

Kisu hakikusimama. "Siku ipi?"

"Kwenye korongo."

Alimenya ndizi hiyo hadi mwisho, akaitia kwenye bakuli la maji.

"Mama yako hakukuita," akasema. "Alikuwa ameshafariki asubuhi. Nilikuwa naye. Nilimfunika kwa kitenge changu mwenyewe."

"Nilimsikia."

"Ulikuwa mtoto, umekaa na njaa na jua. Mtoto husikia vitu."

"Aliniita kwa jina langu, mama mdogo. Mara nyingi."

"Basi hukumsikia yeye," akasema, na akageuka kuniomba nimpe chumvi.

Tulikula. Ndizi zilikuwa nzuri, na dagaa, na sombe, majani ya muhogo aliyoyatwanga mwenyewe. Aliongea kuhusu binamu aliyenunua nyumba Sugar Land na sasa anawaalika watu waje kuona bafu tu. Mume wangu alitabasamu mahali pa kutabasamu. Alipotoka kwenda kuangalia gari, nilibaki na mama mdogo kwenye sinki, nikanong'ona.

"Mama, ni ukweli?"

Hakunitazama. Alikuwa anajifuta utomvu uliobaki kwenye kucha.

"Mkwe, wewe ni nesi," akasema. "Mtu amefiwa, anakuuliza kama mgonjwa wake aliumia sana mwishoni. Unamjibuje?"

Jibu nilikuwa nalo, lile ninalolitoa kila mara, na yeye alijua.

Njiani kurudi Dallas, tukiwa tumeshaipita misonobari ya Huntsville, mume wangu aliongea mara moja tu. Alisema, "Kama mama alikuwa ameshakufa, aliyeniita ni nani?" Alisema hivyo kwa upole, kama anayeuliza njia. Nilitaka kumwambia maneno ya kwenye sinki, lakini nilimtazama anavyoshika usukani na nikaona mabega yake yameshuka kidogo, mara ya kwanza tangu jangwani.

Mwaka uliofuata ugonjwa ukaja. Hospitali yetu ilijaa, na mimi nilikuwa nikirudi nyumbani nikivua nguo gereji na kulala kwenye sofa, mbali naye. Houston hoteli zilifungwa, zikafunguliwa kidogo, na mama mdogo akaitwa kazini tena. Kiangazi akaugua. Nilimpigia nesi wa wodi yake kila siku, mtu nisiyemjua, na aliniongelesha kwa sauti ninayoitumia mimi, kwa hiyo nilielewa kabla hajaniambia. Alifariki bila mmoja wetu kuwa karibu. Mume wangu alimwuliza yule nesi kwenye simu kama mama yake mdogo aliumia. Nesi akamwambia hapana, alilala tu.

Alinirudishia simu na kunitazama muda mrefu.

Tulikwenda kumzika. Tuliruhusiwa wachache tu, tumesimama mbali mbali kwenye nyasi, barakoa zimelowa jasho, padri anasoma haraka. Ndugu wengine walitazama kwa simu kutoka Bujumbura na Kigoma, na sijui waliona nini. Tulipomaliza hapakuwa na chakula wala mahali pa kukaa. Tukaingia garini tukaanza kurudi.

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimweleza alichonijibu mama mdogo jikoni, neno kwa neno, na kwamba tangu siku ile sijui nimwamini yupi kati yao wawili, yeye au mama mdogo. Nilidhani atasimamisha gari. Aliendelea kuendesha.

"Nilijua," akasema. "Baada ya kunijibu alichukua ndizi iliyokwisha kumenywa akaanza kuimenya tena."

"Kwa hiyo alidanganya."

"Sijui. Labda alikuwa anamkumbuka tu dada yake, mikono ikasahau. Hilo nalo hutokea."

Mvua ilikuwa imeanza, ile ya Texas ya kiangazi inayoanguka upande mmoja wa barabara na kuuacha mwingine mkavu. Nikamwuliza yeye mwenyewe angependa ipi iwe kweli: kwamba aliyeita ni mama yake, au kwamba mama yake alikuwa amepumzika tayari na ni kitu kingine kilichoita.

Alifikiri mpaka tukapita miji miwili.

"Kuna siku nataka awe yeye," akasema. "Hata kama maana yake ni kwamba alinisubiri, nami sikuja. Angalau ningekuwa nimeisikia sauti yake mara ya mwisho. Na kuna siku siwezi kabisa, nataka awe ameshalala asubuhi, chini ya kitenge. Leo sijui ni siku ipi."

"Na hicho kingine? Kilichoita?"

"Hicho bado kipo," akasema. "Hakijawahi kuondoka. Ila sasa hata wewe unakisikia, naona unavyosimama mlangoni ukisikiliza. Samahani kwa hilo."

Sikukanusha. Taa ya mafuta ilikuwa imewaka, akaingia kituo cha kwanza kilichotokea, kabla ya Corsicana. Alivaa barakoa, akashuka. Nilimtazama kupitia kioo chenye matone, amesimama kando ya gari na mkono mmoja juu ya paa, anatazama namba za pampu zikipanda, akisubiri tangi lijae.